Jini Katika Chupa ya Chai

Kiswahili kimeweka katika neno moja vitu viwili ambavyo mtu makini hapaswi kuvikutanisha chini ya paa moja: jini wa kwenye mibuyu na mapango, na jini ya kwenye chupa dukani. Sarufi hujitahidi kuwatenganisha, kwa kuwa yule wa mibuyu hupewa upatanisho wa viumbe hai, anaingia na anatoka, ilhali hii ya dukani inaingia na inatoka kama vitu vingine visivyo na roho. Lakini mtu aliyekwisha kupata hofu hasikilizi ngeli, na hilo nimelijua kwa gharama ya dari, pangaboi na koti la baba mkwe.

Chanzo kilikuwa majivuno yangu. Katika harusi ya mtoto wa mkuu wetu wa idara, iliyofanyika katika hoteli moja ya ufukweni hapa Dar es Salaam, tuliletewa kinywaji cheupe kama maziwa, chenye povu lililosimama juu ya ukingo wa bilauri kama kofia ya mpishi, na wenzangu watatu wa uhasibu wakaanza kukisifu kana kwamba kimeteremshwa. Mimi, ambaye nilikuwa nimekwisha kunywa viwili, nikatangaza kwamba kitu kile kinaweza kutengenezwa nyumbani kwa robo ya bei. Walinitazama, wakatazamana, kisha mmoja akauliza ni Jumamosi ipi.

Kinywaji hicho huitwa Ramos Gin Fizz, na kilibuniwa mwaka 1888 na Henry C. Ramos, mwenye baa katika mji wa New Orleans, Marekani. Siri yake ni kutikisa. Ute wa yai, krimu na maji ya ndimu havipatani kwa hiari, hivyo inabidi vitikiswe pamoja na barafu mpaka vikubaliane, na kipimo cha Ramos, kama kinavyosimuliwa, kilikuwa dakika 12. Aliajiri vijana wa kutikisa tu, na inaelezwa kwamba katika kanivali ya mwaka 1915 walipangwa zaidi ya 30 nyuma ya kaunta, kila mmoja akitikisa mpaka mkono umgomee, kisha akimkabidhi wa pili yake. Mwaka 1935 seneta Huey Long wa Louisiana alimchukua mhudumu wa baa kutoka New Orleans hadi New York ili akawafundishe wahudumu wa hoteli ya huko namna ya kukitengeneza, jambo ambalo lilipaswa kunionya kwamba kazi hii haifundishiki kwa karatasi. Mimi sikuwa na vijana 30 wala mhudumu wa seneta. Nilikuwa na karatasi ya maelekezo, na mkono wa kulia ambao kwa miaka 18 haujainua kitu kizito kuliko leja.

Jini yenyewe niliipata bila shida. Harufu yake hutokana na matunda madogo ya mreteni, ndugu wa mtarakwa wetu unaoota katika milima ya Usambara, ule ambao mbao zake zilikuwa zikichongewa penseli, na ndiyo maana mtu akinusa chupa ya jini huhisi kama amefungua mkebe wa mwanafunzi. Ndimu na limau zilitoka gengeni, shira niliipika mwenyewe kama ya kaimati, vanila ilikuwa ya Kagera, na krimu iligharimu zaidi ya nilivyomwambia mke wangu. Kilichonishinda ni maji ya maua ya mchungwa, ambayo huhitajika matone 3 tu kwa bilauri, lakini hayakuwapo katika duka lolote nililoingia.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nimeoa Muheza. Mtu aliyeoa Muheza hawezi kuhangaikia kitu chochote cha mchungwa, kwa kuwa machungwa huko hupangwa kando ya barabara kama kokoto, na baba mkwe ana miti yake nyuma ya nyumba. Nikampigia simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo wote?"

"Hatujambo, baba. Nina ombi. Naomba maua ya mchungwa."

Alinyamaza kidogo. "Umesema machungwa?"

"Maua, baba."

"Ua likichumwa, mwanangu, chungwa halipo tena."

"Naelewa, baba. Nahitaji machache tu, kwa shughuli ya hapa nyumbani."

"Shughuli gani?"

Baba mkwe ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili na mzee wa kanisa la Anglikana, na katika maisha yake hajaonja hata bia. Nikamjibu kwamba ni shughuli ndogo, itafanyika Jumamosi jioni giza likishaingia, na kwamba maelezo yake hayafai kutolewa kwenye simu. Wakati ule niliona nimejibu kwa busara. Leo nikiyarudia maneno yale, nashangaa kwa nini hakupanda basi usiku uleule.

Kwa kuwa hakunijibu, Ijumaa nilikwenda Kariakoo nikanunua marashi ya waridi, yale yanayotiwa katika halua na kunyunyizwa kwa mrashi kwenye harusi, nikijiambia kwamba ua ni ua.

Jumamosi jioni mke wangu alikwenda kwenye kikao cha kikoba, akaniacha na binti anayetusaidia kazi. Sikuwa na chombo rasmi cha kutikisia, basi nikachukua chupa ya chai ya lita 2, ya chuma, kwa kuwa ile ya kioo ingepasuliwa na barafu. Naomba msomaji azingatie kwamba hilo nililifikiria. Nilipima kila kitu mara nne ya kipimo cha bilauri moja, mililita 180 za jini, 240 za krimu, ute wa mayai manne, na kadhalika, kwa umakini ambao wakaguzi wa hesabu wangeulilia. Kisha nikafika kwenye soda. Karatasi ilisema kwamba vitu vyote vitikiswe isipokuwa soda, ambayo hujaziwa mwishoni katika bilauri. Katika uhasibu, kinachoweza kuingizwa kwa mkupuo mmoja hakiingizwi kwa miwili. Niliona ni uzembe wa mwandishi, nikamimina mililita 300 za soda humohumo, nikakaza kizibo kwa nguvu za mtu asiyependa hasara.

Nilikwenda kutikisia sebuleni, chini ya pangaboi, kwa ajili ya joto. Nikamwagiza binti kwamba yeyote atakayekuja amwambie asubiri barazani, kwa sababu ninashughulika na jini. Binti huyo hajawahi kuona chupa ya jini maishani mwake. Aliitika, akaondoka haraka kuliko kawaida, na sikulitilia maanani.

Katika dakika ya 4 umeme ulikatika. Pangaboi likapunguza mwendo, likasimama, na giza likanikuta mkono juu. Nikavua shati, nikajifunga kitenge cha mke wangu kiunoni, nikawasha mshumaa na kuendelea. Katika dakika ya 7 nilihamishia chupa mkono wa kushoto, katika ya 9 nikaikumbatia na kuanza kurukaruka nayo, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imejiuzulu. Sikujua kinachoendelea ndani. Gesi ya soda hukaa majini kwa subira tu. Ikitikiswa hutafuta pa kutokea, na ikikuta ute wa yai, ambao kazi yake katika kinywaji hiki ni kuishika hewa isitoroke, hujenga povu juu ya povu. Kizibo kilianza kulia kwa sauti nyembamba ya mbu. Nikafurahi, nikidhani ni dalili ya kuiva.

Dakika ya 12 ilipotimia, niliweka chupa mezani, nikazungusha kizibo nusu ya mzunguko. Nusu iliyobaki kilijizungusha chenyewe. Sikuona kilichotokea, kwa kuwa mshumaa ulizimika kwanza. Nilisikia tu mlio, kisha kizibo kikigonga dari, kisha kimya, kisha matone. Nilipiga kelele. Kwa mujibu wa binti, aliyekuwa jikoni, maneno yangu yalikuwa "jini yote imetoka", na nilikuwa nikiyarudia.

Kwa tochi ya simu nilipangusa meza, makochi, televisheni na picha yetu ya harusi. Dari nililifikia kwa ufagio. Pangaboi sikulikumbuka. Lilikuwa limesimama gizani na mapanga yake manne, na juu ya kila panga, mahali ambapo jicho la mtu aliye chini halifiki, povu lilikuwa limetulia kwa unene wa godoro la mtoto.

Ndipo nikasikia hodi. Nilidhani ni wenzangu. Nikamsikia binti akifungua geti na kusema, kwa sauti ya mtu aliyepata watu wa kumsaidia, "Afadhali mmefika. Baba amepambana na jini mpaka limemtoka."

Waliingia baba mkwe, amevaa koti lake la kanisani, na shangazi yake mke wangu, ambaye ukoo mzima humtegemea kwa mambo ambayo kanisa huwa halijishughulishi nayo. Walikuwa wametoka Muheza asubuhi. Walinikuta nimevaa kitenge, kifua wazi, nywele nyeupe kwa povu, nimeshika mshumaa. Maganda ya mayai yalikuwa kwenye sinia. Nyumba nzima ilinukia marashi ya waridi. Shangazi alisimama kizingitini, akavuta pumzi kwa pua mara mbili, akafumba macho.

Niliwaamkia na kuwakaribisha, nao wakakaa, moja kwa moja chini ya pangaboi. Mimi niliamini kwamba binti amekwisha kuwaeleza habari ya kinywaji na kwamba aibu yangu iko hadharani, hivyo nikaamua kujibu kila swali kwa ukweli.

"Ametoka mwenyewe?" shangazi akauliza taratibu.

"Imetoka yenyewe, shangazi. Nilifungua kizibo tu."

"Alikuwa ndani ya chupa?"

"Ya chai."

Shangazi alimtazama kaka yake. "Umempa mayai mangapi?"

"Manne. Ute tu, kiini hakitakiwi."

"Hakitakiwi," alisema, akitikisa kichwa kama mtu anayesikia alichokitarajia. "Na marashi?"

"Matone 12. Nilikosa maua, ndiyo maana nilimsumbua baba."

"Amekuja peke yake, au wamo wengine?"

Swali hilo sikulielewa vizuri, nikajibu kwamba wengine watatu wako njiani. Shangazi akasimama, akafunga kanga yake upya kiunoni, akamwamuru kaka yake aondoke na mimi usiku uleule, na watoto tutawafuata.

Baba mkwe hakuondoka. Aliinua kidole, kile kidole ambacho nadhani kilikwisha kuwanyamazisha maelfu ya wanafunzi wa mkoa wa Tanga, akasema, "Ngojeni kwanza. Dada anasema 'ametoka', mkwe anasema 'imetoka'. Mmoja kati yenu amekosea upatanisho wa kisarufi, na mimi nataka kujua ni..."

Umeme ukarudi.

Swichi sikuwa nimeizima. Pangaboi lilianza pole, kwa ule mguno wake wa kawaida, kisha likashika kasi, na shehena yote iliyokuwa juu ya mapanga ikaanza safari ya kuelekea kuta nne. Kwa muda wa sekunde chache lilikuwa mrashi mkubwa kuliko wote niliowahi kuuona katika harusi yoyote, likigawa krimu, mayai, ndimu, waridi na jini kwa haki, bila kubagua mtu wala fanicha. Shangazi, ambaye siku nyingine haonekani ibadani, aliwataja watakatifu kwa majina na kwa mpangilio mzuri, akaingia chini ya meza. Binti alionekana getini, akiwa nje yake.

Niliruka nikazima swichi. Baba mkwe alikuwa ameketi vilevile, kidole juu, miwani yake imekuwa miwili ya theluji. Aliivua, akaifuta kwa leso, akaona haisaidii, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: alilamba ncha ya kidole.

"Jini hana ndimu," akasema.

Kisha akadai karatasi. Aliisoma yote kwa utulivu wa mtu anayesahihisha insha, akatoa penseli katika mfuko wa koti, akapiga mstari chini ya sentensi ya soda, na pembeni akaandika: soma tena. Nilianza kumweleza, kwa ajili ya kuokoa chochote kinachookoleka, kwamba jini hii hupata harufu kutokana na ndugu wa mtarakwa, na kwamba hata penseli aliyoishika huenda ni jamaa yake. Akainusa penseli. Akanusa koti. Akaniambia kwamba jamaa hao hawafanani hata kidogo.

Shangazi alipokubali kutoka chini ya meza, mzee alifungua mkoba wake na kutoa kifurushi cha gazeti. Ndani yake mlikuwa na maua ya mchungwa, yamenyauka kwa joto la basi lakini bado yananukia, pengine konzi mbili, na nikafahamu kwamba nilikuwa nimepunguziwa karibu gunia zima la machungwa ya msimu ujao.

"Haya," aliuliza, "hutiwa kabla ya jini kutoka, au baada?"

Wenzangu walifika saa tatu kasoro, pamoja na mke wangu, ambaye alikutana nao getini wakimsikiliza binti. Walinikuta katika kitenge kilekile nikitikisa upya, soda ikiwa kaunta mbali na mimi, huku baba mkwe akihesabu dakika kwa saa yake ya mkononi na kunikatalia kupumzika. Jini ilikuwa imebaki nusu chupa, lakini mzee aliagiza yake isiwe nayo, na shangazi vilevile. Yeye aliomba tu marashi yaongezwe, na kabla ya kuketi alilihamisha kochi lake mpaka ukutani.