Hongereni vijana, ila jiko msilisahau

Nimesoma habari hii ya vijana waliojichanga wakamwezekea bibi jirani yao mabati mapya, nikalengwa na machozi. Mungu awazidishie. Mimi ni mtoto wa Shinyanga, na bibi yangu mzaa mama alizeekea kwenye nyumba ya namna hiyohiyo: nyasi zimeoza, mchwa kwenye nguzo, ukuta umeliwa na maji ya mvua kwa chini.

Ombi langu ni moja. Mkirudi, tazameni na jiko lake. Wazee wetu wengi wanapikia ndani, kwenye mafiga, kuni mbichi au samadi kavu, hakuna hata tundu la kutolea moshi. Ndiyo maana macho yao ni mekundu. Na huku kwetu Usukumani tunajua vikongwe wangapi wameitwa wachawi, wengine wakauawa kwa mapanga, kwa sababu ya macho hayo tu! Dirisha dogo na dohani ya udongo havigharimu mabati hata mawili.

Jingine, bati pekee haliokoi ukuta wa udongo. Chimbeni mtaro kuzunguka nyumba, na sehemu ya chini pigeni lipu ya saruji hadi usawa wa goti. Nguzo mpya zipakeni oili chafu kabla ya kuzifukia, mchwa hawatazigusa upesi.

Mnisalimie bibi. Mwambieni mjukuu wake mwingine anasema shikamoo.