Wapeni Matineja Haki Yao Katika Muziki

Desemba 1963, msichana wa miaka 15 huko Silver Spring, Maryland, nchini Marekani, aliona kwenye taarifa ya habari ya televisheni kipande kifupi kuhusu bendi ya vijana wanne wa Liverpool. Akamwandikia barua Carroll James, mtangazaji wa redio ya WWDC jijini Washington, akitaka kujua kwa nini muziki ule hausikiki kwao. James akafanya mpango, santuri ikaletwa na mhudumu wa ndege kutoka Uingereza, na tarehe 17 Desemba akamwita binti yule studio autambulishe wimbo mwenyewe hewani. Wasikilizaji wakapiga simu mfululizo kuomba urudiwe. Capitol, kampuni iliyokuwa imeshazikataa nyimbo za The Beatles zaidi ya mara moja, ilikuwa imepanga kuuachia "I Want to Hold Your Hand" katikati ya Januari. Ikabidi iutoe tarehe 26 Desemba. Kufikia tarehe 1 Februari 1964 wimbo ulikuwa namba moja Marekani.

Historia ya bendi ile husimuliwa kwa kumsifu meneja, kumsifu prodyuza, na kuutaja ule usiku wa tarehe 9 Februari watu wapatao milioni 73 walipoitazama kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan. Sifa hizo ni za haki. Lakini mimi kila nikisoma habari hii nakwama kwa yule binti. Kampuni ilikuwa na watu wazima wanaolipwa mshahara kwa kazi moja tu, kutambua wimbo utakaouza, na walisikia wakapita. Mtoto wa shule alisikia kipande tu akajua.

Ndiyo maana nasema: muziki wa kupendwa wa miaka hii sabini umebebwa na matineja kwa masikio yao, kwa miguu yao na kwa sauti zao, na hadi leo tunawachukulia kama wapita njia. Tunachukua wanachokipenda, tunakipa jina la mtu mzima, halafu tunawacheka kwa kukipenda.

Tuanze na pesa. Zamani kijana hakuwa na soko lake. Redio ilikuwa kabati kubwa sebuleni, na aliyechagua stesheni alikuwa baba. Mwaka 1949 kampuni ya RCA Victor ikatoa santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja kila upande, nyepesi, ya bei ambayo pesa ya mfukoni iliweza kuimudu. Mwaka 1954 ikaja Regency TR-1, redio ya transista ya kwanza kuuzwa madukani, inayoenea kiganjani. Dola 49.95 hazikuwa pesa ndogo siku hizo, ila miaka michache baadaye redio za aina hiyo zikashuka bei na kijana akaweza kuingia na muziki wake chini ya shuka. Watu huzungumzia rock and roll kana kwamba ilishuka kutoka mawinguni siku mwimbaji fulani alipokata kiuno. Kwangu mimi inaanzia kwenye vitu hivi viwili. Kwa mara ya kwanza mtu wa miaka 14 aliweza kusikiliza kitu ambacho wazazi wake hawakumchagulia, na kukinunua bila kuomba ruhusa. Kwa vijana wengi weupe wa Marekani, redio ile ndiyo iliyowapenyeza hadi kwenye muziki wa watu weusi wakati sheria za ubaguzi bado zilikuwa zimesimama wima.

Siku hizi ni wachache wanaolipia wimbo mmoja mmoja. Chati kuu ya jarida la Marekani la Billboard ilianza kuhesabu usikilizaji wa mtandaoni mwaka 2007, na Februari 2013 ikaongeza YouTube. Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa ukishafika sekunde 30. Mabadiliko haya yalionekana ni ya kitaalamu tu, lakini yaligeuza kabisa maana ya mnunuzi. Aliyenunua santuri alihesabiwa mara moja, hata akiisikiliza mpaka ikachubuka. Sasa anayeurudia wimbo anahesabiwa kila anaporudia, na hakuna anayerudia kama tineja.

Mtazame msichana wa miaka 15 aliyepata wimbo mpya. Anausikiliza njiani, anaurudisha nyuma sekunde kumi pale sauti inapopanda, anausikiliza tena sehemu ileile. Akikutana na rafiki yake, haelezi chochote. Anachomoa spika moja ya sikioni, anamwekea mwenzake, kisha anamkodolea macho mpaka ile sehemu ifike. Uso wa rafiki ukibadilika, basi, wimbo umeshapata mtu wa pili, na kesho atakuwepo wa tatu. Hakuna tangazo la lebo, yaani kampuni ya kurekodi muziki, lenye nguvu ya tukio hilo. Sisi watu wazima tunasikiliza muziki huku tunaosha vyombo au tunaendesha gari. Tineja anasikiliza. Anajitafuta ndani ya wimbo, anautumia kuamua yeye ni nani na nani ni mwenzake, na kwa sababu hiyo anagundua mapema sana kama wimbo unamdanganya.

Na hawaishii kusikiliza. Mwishoni mwa 2022 vijana mtandaoni walichukua "Bloody Mary" ya Lady Gaga, wimbo uliokuwa umekaa ndani ya albamu ya 2011 bila kuwahi kutolewa peke yake, wakauharakisha, wakaupandishia kwenye dansa ya mhusika wa tamthilia ya Wednesday. Ukafufuka miaka 11 baada ya kuzaliwa, ukaanza kusukumwa redioni kama wimbo mpya. Baada ya hapo lebo nyingi zimekuwa zikitoa zenyewe matoleo rasmi yaliyoharakishwa. Ubunifu ulioanzia kwenye simu za watoto wa shule sasa ni sehemu ya mpango wa mauzo wa makampuni makubwa, na sijaona jina la kijana hata mmoja likitajwa.

Kuna dharau moja inayoniudhi kuliko zote, nayo ni ile wanayotupiwa wasichana. Mwaka 1964 mwandishi Paul Johnson alichapisha kwenye jarida la Uingereza la New Statesman makala ya kuwabeza vijana waliokuwa wakiishangilia The Beatles, akiwaona ndio walioshindwa wa kizazi chao. Leo muziki ule unafundishwa vyuo vikuu. Waliopiga mayowe walikuwa sahihi, na mwenye kalamu ndiye aliyepotoka. Lakini hatujajifunza. Mvulana akikariri kila herufi ya msanii wa hip hop, tunamwita mpenzi wa muziki. Dada yake akikariri kila pumzi ya kundi la K-pop, tunasema amerukwa na akili. Muulize dada huyo. Atakueleza nani kaandika wimbo upi, sauti ipi ilirekodiwa kwa taabu, prodyuza yupi alibadilishwa kati ya albamu ya pili na ya tatu. Huyo ni mchambuzi, ila hajapewa cheo.

Nakubali kwamba matineja hupenda pia nyimbo za hovyo ambazo hazikumbukwi baada ya mwaka. Watu wazima nao vilevile. Wanaosema vijana hufuata mkumbo tu wahesabu ni nyimbo ngapi zilimwagiwa mamilioni ya matangazo zikakataliwa na vijana haohao siku ya kwanza.

Upande wa dansa ndiko ninakoona utajiri mkubwa zaidi, na wizi mkubwa zaidi. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo la 1520 Sedgwick Avenue huko Bronx, New York, msichana aitwaye Cindy Campbell aliandaa sherehe kwenye ukumbi wa chini wa jengo lao apate pesa za nguo za kurudi shule. Mialiko iliandikwa kwa mkono kwenye vikadi: wasichana senti 25, wavulana senti 50. Aliyesimama kwenye santuri ni kaka yake Clive, mwenye miaka 18, ambaye dunia inamjua kama DJ Kool Herc. Herc alikuwa na tabia ya kuwatazama wachezaji. Aliona kwamba wengine husimama pembeni wakingoja kile kipande ambacho waimbaji hunyamaza na ngoma zikabaki peke yake. Kikifika wanaingia kati na kuachia kila walichonacho. Kipande kilidumu sekunde chache tu. Dawa aliyoipata ikawa kuweka nakala mbili za santuri moja, hii ikiisha kipande anakianzisha kwenye ile, ili kisikatike. Hip hop imejengwa juu ya wazo hilo, na wazo hilo lilizaliwa kwa sababu kundi la vijana walikataa kucheza sehemu nyingine za wimbo. Waliosimama pembeni wakingoja ndio waliotunga.

Sasa linganisha na Jalaiah Harmon. Mwaka 2019, akiwa na miaka 14 huko Georgia, Marekani, alibuni dansa iliyokuja kuitwa Renegade kwa wimbo wa rapa K Camp, akaiweka mtandaoni. Ilipofika TikTok, wengine waliicheza bila kumtaja, wakavuna wafuasi kwa mamilioni, na wimbo wenyewe ukapaa. Ilibidi gazeti la New York Times liandike habari zake Februari 2020 ndipo akaalikwa kuicheza kwenye mchezo wa nyota wote wa NBA jijini Chicago. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao, dunia nzima ikaucheza mchezo wake, na matunzo yakaenda kwanza kwa wageni. Hakimiliki nchini humo inalinda kazi ya dansa iliyopangwa kikamilifu, lakini hatua fupifupi hazisajiliwi, na dansa za vijana mtandaoni karibu zote ni fupi. Anayepata hasara ni yuleyule aliyeufanya wimbo usikike.

Tukija kwa waimbaji wenyewe, orodha ni ndefu mno. Stevie Wonder alishika namba moja Marekani mwaka 1963 akiwa na miaka 13. Roxanne Shanté alikuwa na 14 aliporekodi mistari iliyozua vita vya majibizano katika rap ya 1984. Kate Bush alikuwa na miaka 19 mwaka 1978 alipokuwa mwanamke wa kwanza kufika namba moja Uingereza kwa wimbo alioutunga mwenyewe. Lorde alikuwa na 16 "Royals" iliposhika kilele cha Marekani mwaka 2013. Rema wa Nigeria alikuwa bado tineja alipoweka fristaili yake Instagram mwaka 2018, mwanamuziki D'Prince akaiona na kumchukua. Billie Eilish aliweka "Ocean Eyes" mtandaoni mwaka 2015 akiwa na miaka 13, wimbo ulioandikwa na kaka yake Finneas, aliyekuwa na 18, na kurekodiwa chumbani nyumbani kwao. Tusiwaite watoto wa maajabu. Neno hilo linafanya waonekane kama ajali ya bahati, wakati wamekuwa wakijitokeza kila kizazi, bila kukosa.

Ila anayeniuma ni Frankie Lymon. Mwaka 1956, akiwa na miaka 13, sauti yake iliipeleka "Why Do Fools Fall in Love" hadi namba moja Uingereza na kuwaingiza yeye na wenzake, The Teenagers, katika chati za juu za Marekani. Kwenye haki za utunzi likaingizwa jina la mwenye lebo. Wenzake wawili, Herman Santiago na Jimmy Merchant, walikwenda mahakamani wakiwa watu wazima, na mwaka 1992 wakatambuliwa kuwa miongoni mwa watunzi. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikatengua, si kwa kusema hawakuutunga, bali kwa kuwa walichelewa kudai. Muda wa kisheria ulikuwa miaka mitatu. Kijana wa miaka 15 anajuaje kwamba saa imeshaanza kuhesabu? Lymon mwenyewe alikufa kwa heroini mwaka 1968, akiwa na miaka 25.

Wapo watakaosema hayo ni ya kale. Mwimbaji wa Marekani JoJo alisaini mkataba akiwa na miaka 12, na mwaka 2004 akatamba na "Leave (Get Out)". Albamu yake ya pili ilitoka 2006. Ya tatu ilitoka 2016. Katikati ya hapo alikuwa amefungwa na mkataba wa utotoni, na mawakili wake walilazimika kudai kwamba sheria ya New York hairuhusu mkataba wa mtoto kuzidi miaka 7. Albamu zake mbili za mwanzo zilikuwa hazipatikani kwenye huduma za kusikiliza muziki mtandaoni, hivyo Desemba 2018 alitoa matoleo aliyoyaimba upya, mtu mzima wa miaka 28 akirudia maneno aliyoyaimba akiwa na 13.

California ina sheria ya tangu 1939, iliyopewa jina la mwigizaji mtoto Jackie Coogan ambaye pesa zake zililiwa na mama yake na baba wa kambo. Tangu mwaka 2000 inataka asilimia 15 ya mapato ghafi ya mtoto iwekwe kwenye akaunti isiyoguswa na mzazi. Ni mwanzo mzuri, lakini inalinda pesa na kuacha umiliki wa kazi mikononi mwa wengine. Mimi ningetaka zaidi ya hapo. Mbunifu wa dansa inayoupandisha wimbo atajwe kwenye taarifa za wimbo, kama anavyotajwa mpiga gitaa. Muda wa kudai haki ya utunzi usianze kuhesabiwa kabla mtunzi hajatimiza miaka 18. Na mkataba wowote uliosainiwa na mtoto ufunguliwe upya siku anapofika umri huo, akiwa na wakili wake mwenyewe, asiyelipwa na lebo wala kuchaguliwa na wazazi.