Gari halina kiu

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, amelala chumba cha wageni hapa kwetu Iringa. Mkono wake wa kulia umefungwa bandeji kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko. Alhamisi alikuwa anapandisha mlima wa Kitonga, katoka Dar anawahi msiba Njombe, gari likaanza kuchemsha. Akaegesha pembeni, akafungua boneti, akasubiri dakika tano, akaweka kitambaa juu ya mfuniko wa rejeta na kuuzungusha.

Nilipomuuliza kama gari lilikuwa limeonyesha dalili yoyote kabla ya safari, akanijibu kwa utulivu kabisa: "Hapana shemeji, lilikuwa zima. Lilikuwa linakunywa maji kidogo tu."

Linakunywa maji. Nimeisikia sentensi hii kwa madereva wa teksi, kwa walimu wenzangu, kwa mchungaji wetu, na kwa mafundi ambao ndio walipaswa kuikataa. Watu wanatembea na dumu la lita tano kwenye buti kama vile ni sehemu ya vifaa vya gari. Kila asubuhi wanafungua, wanajaza, wanafunga, wanaondoka. Anayeuliza anaambiwa gari limezeeka, magari ya zamani hunywa maji.

Gari halinywi maji. Njia ya maji kwenye injini ni duara lililofungwa: yanatoka kwenye injini, yanapita kwenye rejeta yanapoa, yanarudi kwenye injini. Yakipata moto yanatanuka, yanayozidi yanakwenda kwenye kile kitungi cha akiba cha plastiki, na injini ikipoa yanarudi. Rejeta nzima inaweza kukaa miezi bila wewe kuongeza hata kikombe. Kwa hiyo kama asubuhi ulijaza na kesho yake pamepungua, yale maji yamekwenda mahali. Yamemwagika chini au ndani ya gari, au yamekauka juu ya injini ya moto kabla hujayaona, au yameingia ndani ya injini yenyewe, kwenye oili au kwenye silinda yakatoka kwa njia ya ekzosi. Hakuna mahali pa nne. Kuongeza maji bila kutafuta yanakokwenda ni sawa na kumwongezea damu mgonjwa bila kufunga jeraha.

Na jeraha lenyewe halikai dogo. Injini nyingi tunazoendesha leo zina hedi, yaani kichwa cha injini, ya alumini. Ikichemka sawasawa mara moja tu inaweza kupinda, gasketi inayoziba chini yake ikaungua, na kile ambacho kingekuwa mpira wa rejeta na klipu mbili kinakuwa injini iliyofunguliwa katikati, hedi imepelekwa kwa wachongaji, na wewe unapanda daladala wiki tatu. Tena usitegemee sana mshale wa joto. Ile sensa inapima joto la maji yanayoizunguka, na maji yakishaisha inabaki hewani, kwa hiyo mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Magari mengi madogo ya siku hizi hayana hata mshale, yana taa peke yake.

Sasa huo mkono wa shemeji. Mfuniko wa rejeta hauzibi tu, unashikilia shinikizo. Uangalie wa gari lako, umeandikwa kipimo cha shinikizo hilo, 0.9 au 1.1 au namba iliyo karibu na hizo. Hapa Iringa, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, maji kwenye sufuria huchemka karibu nyuzijoto 95. Chini ya mfuniko wa 1.1 yanaweza kupita nyuzijoto 110 yakiwa bado maji. Ukiufungua, shinikizo linaondoka mara moja na sehemu ya maji yale inageuka mvuke palepale, na maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Kitambaa hakizuii kitu. Dakika tano si chochote. Subiri mpaka uweze kuubana mpira mkubwa wa juu kwa mkono mtupu na usikie umelegea na umepoa, na hiyo inaweza kuchukua saa nzima. Msiba utasubiri.

Wasamaria wema pale barabarani walimpaka dawa ya meno. Najua walimhurumia, na ninawashukuru kwa kumfikisha kwa daktari, lakini naomba hili lisikike: aliyeungua anamwagiwa maji baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si yai, si unga.

Mwaka juzi gari langu mimi lilianza hivyohivyo. Kila baada ya siku mbili kitungi kiko chini ya alama. Fundi wa kwanza akaniambia, "Mama, hiyo ni kawaida, wewe ongeza tu." Wa pili akataka kumimina bizari ndani ya rejeta ili izibe tundu kwa ndani. Ni kweli bizari huziba. Inaziba tundu, na inaziba pia vile vijinjia vyembamba ambavyo maji yanapaswa kupita ili yapoe, na inakwenda mpaka kwenye hita, ile ya kupasha joto ndani ya gari. Nilifunga boneti nikaondoka.

Nikaamua kutafuta mwenyewe. Jioni nilitandika katoni lililofunguliwa chini ya injini. Asubuhi lilikuwa kavu, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudi kwenye dumu. Lakini nyufa nyingi zinavuja gari likiwa moto na lenye shinikizo, likipoa zinajifunga. Kwa hiyo injini ikiwa baridi nilijaza rejeta, nikafunga mfuniko, nikaiwasha, nikaiacha ingurume mpaka feni ikawaka na kuzima mara mbili. Kijana wangu akashika tochi, mikono mbali na feni na belti. Tuliangalia mpira wa juu, mpira wa chini, chini ya klipu zote, na wota pampu inayosukuma maji, ambayo ina kitundu kidogo kinachotoa machozi ikianza kufa. Huhitaji kuona maji yenyewe. Kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ikikauka huacha alama, ukoko wa waridi au wa kijani au mweupe kama chumvi, na ukoko haudanganyi.

Tuliukuta pale plastiki ya juu ya rejeta inapoumana na wavu wa alumini. Ufa mwembamba kama unywele, urefu wa kidole, na mvuke mdogo unatoka pale ambapo jicho haliwezi kuuona bila tochi.

Kama hatungeona kitu nje, ningeangalia zulia la mbele upande wa abiria. Likiwa na unyevu na harufu tamutamu, ni hita inayovuja. Ningetoa kijiti cha oili pia, maana oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa maji yameshaingia, na hiyo si kazi ya nyumbani tena. Moshi mweupe usiokata hata injini ikishapata moto, vilevile.

Baba yangu alikuwa na Peugeot 504, na rejeta yake ilikuwa ya shaba. Ikitoboka ilipelekwa kwa mchomeleaji, ikachomelewa kwa risasi, ikarudi jioni ileile, ikadumu miaka. Nafikiri mazoea yetu mengi yametoka huko, kwenye magari yaliyokuwa yanasamehe. Plastiki hii ya sasa haichomelewi ikapona. Gundi ngumu unayopaka juu yake itakufikisha nyumbani, na hapo nakubali, ukiwa Mikumi usiku na watoto nyuma, paka hiyo gundi, au mimina ile dawa ya dukani ya kuziba, au jaza maji ya mtoni ukilazimika. Lakini ukishafika, kazi ndiyo inaanza.

Niliagiza rejeta mpya Kariakoo, ikaja kwa basi. Jumamosi moja asubuhi ilitosha. Injini baridi, waya wa betri umetolewa kwa sababu feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata ufunguo ukiwa mfukoni. Beseni chini, koki ya chini ikafunguliwa, na nilikaa hapohapo mpaka maji yalipoisha. Kulanti ni tamu na ni sumu. Mtoto au mbwa akiionja atarudi kuionja tena, kwa hiyo isiachwe wazi hata dakika moja. Mipira miwili, feni, boliti nne. Gari la gia za otomatiki mara nyingi lina vipaipu viwili vya oili ya gia vinavyoingia kwenye rejeta. Niliviziba ili mchanga usiingie, na baadaye nikaangalia kiwango cha oili ya gia na kuongeza iliyomwagika. Nilibadilisha na mipira yote miwili pamoja na mfuniko, kwa sababu mfuniko uliochoka hupoteza maji bila tundu lolote mahali popote.

Halafu kujaza, polepole, nusu kulanti na nusu maji ya betri, yale safi, si yale makali. Maji ya bomba au ya kisima yanaleta magamba na kutu, na wa Dar wanajua jinsi visima vyao vilivyo na chumvi. Mfuniko wazi, injini inawaka, hita imewekwa kwenye joto la mwisho, unabanabana mpira wa juu na mapovu yanatoka mpaka yanaisha. Anayeruka hatua hii anaacha hewa ndani, gari linachemsha kesho yake, na rejeta mpya inalaumiwa.

Nimebakiza themostati, ile vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, na hapa hasira yangu ni kubwa. Gari likichemsha, jambo la kwanza wanalolifanya mafundi wengi ni kuitoa na kuitupa. Wanasema nchi yetu ni ya joto, hiki kitu ni cha Ulaya. Iringa mwezi wa Julai tunavaa makoti! Na hata Dar, themostati nyingi hufunguka kwenye nyuzijoto 82 hivi, hakuna mji wenye hali ya hewa kama hiyo. Kazi yake ni kuiwahisha injini kwenye joto lake na kuiweka hapo. Bila hiyo injini inakwenda baridi, inakula mafuta zaidi, oili inachafuka, na ufa kwenye rejeta uko palepale. Najua fundi hana vifaa, mteja hana hela, na wote wawili wanataka gari liondoke leo. Bado siwezi kuliita hilo matengenezo.

Gari la shemeji liko gereji Ilula. Jana usiku fundi alipiga simu kusema ameshapata dawa ya kulifanya liache kunywa maji. Nimemwomba asiguse kitu. Kesho nashuka huko na tochi, katoni na themostati mpya kwenye mkoba, maana shemeji amekumbuka kwamba ya kwake ilitolewa mwaka jana.