Saruji ya Pongwe: ipande treni kwa amri au kwa bei?

Anayetoka Tanga mjini asubuhi kwenda Korogwe hukutana na hoja ya uchumi kabla hajafika Muheza. Malori ya saruji yanayotoka kiwandani Pongwe yanakuwa yameshaingia barabarani, matela yamefungwa turubai na kamba, yakikokota vilima kwa gia ndogo huku mabasi na Noah zikijipanga nyuma yake kungoja upenyo. Pembeni, hapa na pale, reli hujitokeza kati ya katani na minazi kisha ikapotea tena, na mara nyingi haina kitu juu yake. Hapo ndipo abiria mmoja hutamka neno ambalo mkazi wa Tanga amelisikia barazani na kituoni: kwa nini serikali isiamuru tu kwamba mizigo mizito, yaani saruji, mbolea na mafuta, ipande treni, na malori yaachiwe nyanya na vitunguu?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika garini. Nakiri mapema kwamba moyo wangu uko upande wa reli, kwa kuwa nimelelewa karibu na stesheni na honi ya treni kwetu ndiyo iliyokuwa saa ya ukutani. Lakini mapenzi hayanunui mataruma ya reli, na nitajitahidi kuyaweka kando.

Wanaotaka amri wana hoja inayoanzia kwenye chuma chenyewe. Gurudumu la chuma likibingirika juu ya reli ya chuma hukumbana na ukinzani mdogo sana kuliko tairi la mpira juu ya lami, ndiyo maana tani moja ya mzigo husafiri umbali uleule kwa mafuta machache zaidi ikiwa kwenye behewa. Tuseme treni ina mabehewa 20 na kila behewa limebeba tani 40. Hizo ni tani 800, na lori linalobeba tani 30 litahitaji safari 27 kuzimaliza: madereva 27, utingo 27, na matairi karibu 600 yakisagika kati ya Pongwe na Moshi kwa kazi ambayo kichwa kimoja cha treni kingeimaliza na wahudumu wachache.

Hesabu iliyo nzito zaidi iko kwenye lami. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na mizani zilizoko njiani hupima pia uzito wa kila ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu. Sababu ya kuangalia ekseli ni kwamba uharibifu wa barabara hauongezeki sambamba na uzito. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani ekseli yenye uzito mara mbili huiumiza barabara mara 16. Kwa kanuni hiyo, ekseli ya tani 10 huila lami kiasi cha mara 10,000 ya ekseli ya tani moja, ambayo ndiyo ya gari dogo la kawaida. Sasa turudi kituo cha mafuta. Kila lita inayouzwa nchini ina tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara, kwa hiyo mwenye lori husema, na husema kweli, kwamba barabara anailipia. Lakini anailipia kwa lita, na lori halinywi mafuta mara elfu kumi ya gari dogo. Hunywa mara tano, pengine sita. Pengo hilo hulipwa na mwenye gari dogo, na mwenye bodaboda, na mlipa kodi asiye na gari kabisa. Treni, kwa upande wake, hutembea kwenye njia ambayo shirika lenyewe linapaswa kuitunza, kuifyekea mkuza, yaani eneo la pembeni mwake, na kuibadilishia mataruma, na gharama hiyo lazima ionekane kwenye bei ya kila tani. Ushindani wa lori na treni, kwa maana hiyo, haujawahi kuwa wa haki. Ni kweli reli nayo hupata msaada, kwani ipo tozo ya maendeleo ya reli inayokatwa kwenye bidhaa zinazoagizwa kutoka nje, lakini msaada huo haufuti tofauti niliyoieleza.

Mpaka hapa amri inaonekana kuwa jambo la busara tupu. Lakini tumtazame anayenunua.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Moshi anataka tani 30, ambazo ni mifuko 600 ya kilo 50. Akiagiza kwa lori, mfuko hunyanyuliwa mara mbili: makuli huupakia Pongwe jioni, na asubuhi makuli wengine huushusha mlangoni pake, wakati dereva akinywa chai. Akiagiza kwa treni, mfuko hupakiwa kwenye behewa, behewa likangoja wenzake mpaka treni itimie, treni ikasafiri, mifuko ikashushwa stesheni, ikapakiwa tena kwenye Fuso, kisha ikashushwa dukani. Hapo ni mara nne. Kila mnyanyuo una malipo yake, na kila mnyanyuo una mifuko yake inayopasuka; anayeijua saruji anajua kwamba mfuko uliopasuka hauuziki kwa bei ya mfuko mzima. Juu ya hayo kuna siku. Fedha iliyolala ndani ya behewa kwa wiki nzima ni fedha ambayo mfanyabiashara huyo angeizungusha mara mbili. Kwa hiyo treni inaweza kuwa na bei ndogo kwa tani na bado ikawa ghali kwake, na anayemwona ni mkaidi kwa sababu hafuati unafuu wa reli anasoma mstari mmoja wa daftari lake.

Umbali nao una sauti. Gharama kubwa za treni ziko mwanzoni na mwishoni mwa safari, katika kupanga mabehewa, kupakia na kushusha. Katikati, kilomita zinapita kwa gharama ndogo. Lori ni kinyume chake. Ndiyo maana kila safari ikirefuka treni hupata nguvu, na ikifupika lori hushinda. Reli ya Tanga hadi Arusha ina kilomita takriban 437, umbali ulio katikati, ambapo yeyote kati ya hao wawili anaweza kushinda, na ushindi hutegemea wepesi wa kazi stesheni kuliko kitu kingine chochote. Saruji ya Same au Mwanga ni ya lori, na sioni haja ya kubishana.

Historia ya njia hii inatoa somo ambalo mara nyingi huachwa nje ya mjadala. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893 chini ya kampuni binafsi ya Wajerumani, reli ikafika Muheza mwaka 1896, kampuni ikaishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Moshi ilifikiwa mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, zama za Waingereza. Kilichoilisha ni katani. Mashamba yalijipanga pembeni mwa njia, mengine yakiwa na vijireli vyake vya kubebea majani na singa, na mzigo huo haukuwa na lori la kushindana nalo. Uzalishaji wa katani nchini ulifika kilele katika miaka ya 1960, ukipita tani 200,000 kwa mwaka, kisha nyuzi za viwandani zikaingia sokoni na mashamba yakadorora. Reli ikabaki na gharama zilezile za mtandao na mzigo usiotosha kuzigawana. Hiyo ndiyo hali inayoua reli popote: njia hugharimu karibu kiasi kilekile ipitishe treni moja au kumi. Tazara, reli ya Tanzania na Zambia, ilijengwa kwa uwezo wa tani milioni 5 kwa mwaka na haijawahi kuukaribia. Hata ukodishaji wa mtandao wa Shirika la Reli mwaka 2007, ambapo kampuni ya RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya kampuni mpya na serikali asilimia 49, haukumaliza miaka mitano. Kwenye njia yetu treni ya mizigo ilirudi hadi Moshi mwaka 2019, na abiria wakafika Arusha kwa treni mwaka uliofuata. Kurudi huko ni jambo la kushukuru, ila njia iliyofufuliwa haimalizi swali la nani ataijaza.

Mtetezi wa amri atajibu kwamba hapo ndipo amri inapofaa, kwa kuwa huijaza reli kwa siku moja. Jirani zetu walijaribu. Baada ya reli ya kisasa ya Mombasa na Nairobi kufunguliwa mwaka 2017, kontena za bandarini zilielekezwa zipande treni ili mkopo wa China ulipike. Treni zilipata mzigo, hilo halina ubishi, na barabara ilipumua. Lakini Mombasa iliandamana, kwa sababu nyuma ya lori kuna gereji, bohari, mawakala wa forodha, wauza vipuri na mama lishe wa njia nzima hadi Mtito Andei. Na wenye mizigo walilalamika kwamba waliondolewa nafasi ya kuchagua. Mwaka 2022 Rais William Ruto alipoingia madarakani alirudisha Mombasa kazi ya kutoa mizigo bandarini, iliyokuwa imehamia bara pamoja na treni. Miaka hiyo ya kuvutana ilionyesha kwamba mteja aliyeletwa kwa lazima hana la kumwambia mwenye reli siku huduma inapozorota, maana mwenye reli anajua hatoki.

Upande wa pili wa dunia kuna jaribio la kinyume. Marekani ilipanga bei za reli kwa karibu karne nzima, na kufikia mwaka 1970 kampuni kubwa ya Penn Central ilikuwa imefilisika. Sheria ya Staggers ya mwaka 1980 iliziachia kampuni zipange bei na kuingia mikataba na wateja. Bei halisi zilishuka sana katika miongo iliyofuata na kampuni zikapata faida. Wanaopenda soko huria huishia hapo kusimulia. Lakini kampuni kubwa ziliendelea kuungana mpaka mwaka 2023 zikabaki 6, zikapunguza wafanyakazi kwa maelfu na kurefusha treni ili kuwapendeza wenye hisa, na mwaka 2022 wateja wakapeleka vilio vyao mbele ya mdhibiti kuhusu mabehewa yasiyofika. Walioumia zaidi ni wenye mizigo ambao hawakuwa na njia nyingine, kama wachimba makaa na wenye nafaka walio mbali na mito.

Nikiyaleta hayo Tanga, naona kwamba lori letu, pamoja na madhara yake yote, linafanya kazi ambayo hakuna mdhibiti angeiweza: linamzuia mwenye reli asipandishe bei ovyo. Reli nayo ikiwa hai humzuia mwenye lori. Amri ingemwondoa mmoja wao, na mwenye saruji angebaki mikononi mwa aliyebaki. Kwa sababu hiyo nasimama upande wa bei, si wa amri, lakini kwa sharti ambalo wenye malori hawatalipenda: barabara ilipiwe kwa uzito na umbali, ekseli kwa ekseli, badala ya kutegemea lita za dizeli peke yake. Lori likibeba gharama yake halisi, sehemu ya mzigo itahama bila askari kusimamisha gari lolote.

Bei pekee haitoshi kama treni haina siku. Mwenye duka wa Moshi anaweza kuvumilia siku tatu akijua ni tatu. Asichoweza ni kungoja siku asizozijua. Treni moja ya saruji inayoondoka kila Jumanne, hata mabehewa yakiwa pungufu, ingemfaa kuliko treni ndefu inayoondoka itakapojaa.

Na kuna mzigo wa kushuka, ambao naona ndio fundo lenyewe. Lori likishusha saruji Moshi hutafuta maharage, mahindi au vitunguu na kurudi pwani limelipwa. Behewa likirudi tupu, saruji ya kupanda inalipa safari mbili. Kahawa ya Kilimanjaro iliyo tayari kusafirishwa nje ni mzigo wa kushuka uliopo leo, na Tanga iko karibu na Moshi kuliko Dar es Salaam ilivyo. Bandari yetu iliyokuwa ikihudumia meli kwa matishari, meli ikitia nanga mbali na gati, imechimbwa kina kutoka mita 3 hadi 13 kwa mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 400, na meli sasa hufunga gatini. Reli inafika bandarini. Kama wakala wa meli, mnunuzi wa kahawa na mwenye mabehewa wataandikiana mkataba mmoja, bei ya kupandisha mbolea na saruji itashuka bila ruzuku.

Wanaobaki ni madereva na utingo, na biashara ndogondogo zinazoishi kwa malori pale Segera. Hasara yao ni ya kweli. Mzigo ukihamia kwenye reli, safari ndefu za usiku zitapungua na zitakazobaki ni fupi, za kutoka stesheni ya Moshi kwenda Rombo au Sanya Juu. Dereva atalala nyumbani kwake, lakini malipo yake hupimwa kwa kilomita. Wenye malori wanazijua hesabu hizo kuliko mchambuzi yeyote, na siku bei ya reli na ya ekseli zitakapopangwa, wakae meza moja na wenye treni.