Nunua Kioo, Akili ya TV Iweke Pembeni

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme katikati ya Mwanza, ulizia TV. Muuzaji haanzi na ubora wa picha wala sauti. Anawasha, anabonyeza rimoti, anakuonyesha YouTube na Netflix zilivyojipanga pale chini. "Kaka, hii kila kitu kimo ndani, ukifika nyumbani ni bando tu." Mteja anaridhika, anaongeza hela kwa ajili ya zile programu. Mimi naona hapo ndipo tunapoliwa. Hela ya kuongeza iende kwenye kioo. Programu zije na kifaa kidogo cha kuchomeka nyuma, kwenye tundu la HDMI, kiwe stiki au boksi.

Sababu yangu kubwa ni umri. Kioo kizuri kikitunzwa kinaweza kukaa miaka kumi. Kompyuta iliyofichwa nyuma yake inachoka mapema zaidi, maana mtengenezaji anabana gharama kwenye prosesa na memori, vitu ambavyo dukani havionekani na ukishanunua huwezi kuviongeza. Halafu kila kampuni ina mfumo wake: Samsung wana Tizen, LG wana webOS, Hisense nyingi zina VIDAA. Wenye programu wanalazimika kuandaa toleo la kila mfumo, na watumiaji wa matoleo ya zamani wakipungua, wanaachwa. Haya yameshatokea. Mwaka 2015 programu ya YouTube ilikoma kwenye TV nyingi za 2012 kurudi nyuma. Desemba 2019 Netflix ikaondoka kwenye baadhi ya TV za Samsung za miaka ya 2010 na 2011. Vioo vyenyewe havikuwa na kosa lolote.

Shangazi yangu anayekaa Kirumba alinipigia simu nimtafutie TV mpya. "Mwanangu, hii imeshazeeka, haifungui kitu." Nikaenda kuiangalia. Ni ya inchi 43, picha ya king'amuzi inatoka safi, majani ya uwanja ni kijani kweli, namba mgongoni mwa mchezaji unaisoma ukiwa mlangoni. Ukibonyeza YouTube sasa: kiduara kinazunguka, kioo kinakuwa cheusi, unarudishwa mwanzo. Ikibahatika kufunguka, kuandika jina la kwaya anayoipenda ni kuhangaika na rimoti herufi moja moja, kila herufi inachelewa kutokea mpaka unajikuta umeandika mbili. Alishaita fundi, akaambiwa abadilishe bodi. Nikamwambia, "Shangazi, TV yako ni nzima." Tukachomeka stiki, tukaingiza nywila ya intaneti, akaitaja kwaya yake kwa sauti kwenye rimoti ikaja. TV ni ileile, iko palepale ukutani.

Sisi wa Mwanza jambo hili tulishalipitia 2013, mitambo ya analojia ilipozimwa. Wengi tulikuwa na TV za chogo. Nani aliitupa ya kwake? Tulinunua king'amuzi, tukaunganisha, chogo likaendelea na kazi miaka mingine mingi. Kuonyesha kukawa kazi ya TV, kupokea kukawa kazi ya king'amuzi, na king'amuzi kikifa unabadilisha king'amuzi peke yake. Huo ulikuwa utaratibu wa mtu wa kipato cha kawaida, na inanisikitisha kuona tunauacha kirahisi, familia inauza TV nzima kwa bei ya kutupa kwa sababu programu moja imegoma.

Kuna faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Stiki inahama. Mwanafunzi wa chuo cha SAUT aliyepanga Malimbe anaitia kwenye begi likizo ikifika, anavuka nayo ziwa mpaka Nansio, anaichomeka kwenye TV ya wazazi wake, akaunti zake zote zimo. Kwa mji wenye wapangaji wengi kama wetu, hilo si dogo.

Wanaotetea programu za ndani wana hoja, na siipuuzi. Kuanzia TV za 2024 Samsung wameahidi kusasisha mfumo wao kwa miaka saba, na LG wameahidi matoleo mapya kwa miaka mitano. Ni hatua nzuri, ingawa ahadi ya kusasisha mfumo haiongezi nguvu ya kompyuta iliyomo. Na stiki nazo zinakufa. Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili, vifaa vya Google vya kuchomeka kwenye HDMI vilivyotoka 2015, ziligoma dunia nzima kwa mpigo kwa sababu cheti chao cha usalama kilikwisha muda, na Google ikahitaji siku kadhaa kuzifufua. Tena Google yenyewe ilishaacha kutengeneza Chromecast tangu 2024. Lakini pima hasara. Kifaa kilichoingia sokoni kwa dola 35 kikifa baada ya miaka kumi, unanunua kingine. TV ikipoteza programu zake, wengi wetu tunafikiria kununua TV.

Kuhusu rimoti mbili, ambalo ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi, lina dawa. Ingia kwenye mipangilio ya TV, tafuta sehemu inayoruhusu rimoti moja kuongoza na vifaa vilivyochomekwa, Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita Simplink, uiwashe. Mara nyingi rimoti ya TV itaanza kuiongoza stiki pia.

Ninapoogopa kweli ni kwenye maboksi ya bei chee yasiyo na jina, yale unayoahidiwa chaneli zote za dunia bure maisha. Usiingize hilo nyumbani kwako. Januari 2023 boksi la aina ya T95 liligundulika likiwa na programu hasidi tangu kiwandani, na Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa onyo kuhusu mtandao wa wahalifu uitwao BADBOX 2.0, unaotumia vifaa vya namna hii kupitisha uhalifu wao kwenye intaneti ya mwenye nyumba. Bando ni lako, jina kwenye laini ni lako. Hata picha utapunjwa: boksi lisiloidhinishwa na Netflix linaonyesha kwa ubora wa chini tu, hata kama nje wameandika 4K kwa herufi kubwa. Afadhali stiki ya kampuni inayojulikana iliyotumika kuliko boksi jipya la namna hiyo.

Bando nalo lina hesabu zake. Kwa takwimu za Netflix wenyewe, saa moja kwa ubora wa kawaida inakula mpaka GB 1, kwa HD mpaka GB 3, kwa 4K mpaka GB 7. Wengi tunarusha intaneti kutoka kwenye simu, kwa hiyo kazi ya kwanza baada ya kuchomeka stiki ni kwenda kwenye akaunti na kushusha ubora. Hili liko sawa pande zote mbili, usikubali kudanganywa kwamba programu za ndani zinakula kidogo. Na kama wewe ni wa Ligi Kuu, unataka kuiona Pamba Jiji, king'amuzi usikiondoe.

Umeme wa stiki usiuchukue kwenye tundu la USB la TV ukiweza kuepuka. Mara nyingi hautoshi, na kila ukizima TV stiki inazimika, ukiwasha inaanza upya kabisa. Tumia chaja yake ukutani.

Kama TV yako ni ya juzi na YouTube inafunguka bila kuganda, usinunue chochote, tumia kilichomo mpaka kianze kukusumbua. Anayekwenda dukani sasa hivi ahesabu matundu ya HDMI kabla ya kulipa. Moja ni la king'amuzi, la pili la stiki, na kama watoto wana gemu utahitaji la tatu. TV yenye tundu moja, hata ikiwa na programu hamsini ndani, iache hapohapo dukani.