Jimbo Lijaribu, Serikali Kuu Ilipe?

Mwaka 1947 jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, chini ya waziri mkuu wake Tommy Douglas, lilianzisha bima ya matibabu ya hospitali kwa wakazi wake, kabla serikali kuu haijawa na mpango wa namna hiyo. Miaka 10 baadaye serikali kuu hiyo ikapitisha sheria ya kuchangia takriban nusu ya gharama kwa jimbo litakalofuata njia hiyo. Mwaka 1962 Saskatchewan ikaipanua bima hiyo ilipie pia huduma za madaktari nje ya hospitali. Madaktari wakagoma kwa siku 23, lakini bima ikabaki. Sheria ya taifa ikaja 1966, na kufikia 1972 majimbo yote yalikuwa yamejiunga.

Wanaoutetea mfumo wa shirikisho, yaani serikali kuu na majimbo kugawana madaraka, wana haki ya kuanzia hapa. Jimbo moja likithubutu, mengine huona kwa macho kwamba jambo linawezekana. Brazili nayo ilipitia njia hiyo: miji ya Campinas na Brasília ilianza kuzipa familia maskini fedha taslimu mwaka 1995, na mpango wa taifa wa namna hiyo, Bolsa Família, ukafuata 2003.

Lakini jimbo lenye uhuru wa kuanzisha lina uhuru wa kukataa pia, na hapo ndipo ninapotofautiana na watetezi hao. Sheria ya afya ya Marekani ya mwaka 2010 ilikusudia kila jimbo lipanue Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba serikali kuu haiwezi kuyashurutisha majimbo kwa kutishia kuyanyima fedha zote za Medicaid. Majimbo mengi yalipanua. Texas ikakataa, ingawa serikali kuu iliahidi kulipa gharama zote za walioongezwa miaka ya mwanzo, kisha asilimia 90. Ruzuku za kununulia bima binafsi ziliwekwa kuanzia kwa wenye kipato cha kufikia mstari wa umaskini, kwa kuwa walio chini yake walitarajiwa kuingia Medicaid. Basi mtu mzima wa Texas asiye na mtoto wala ulemavu, aliye chini ya mstari huo, kwa kawaida hukosa vyote viwili, huku anayemzidi kidogo kipato akisaidiwa. Mwenzake mwenye hali ileile hutibiwa akiwa ng'ambo ya mpaka, New Mexico. Hilo siwezi kulikubali kwa jina la uhuru wa jimbo.

Hata hivyo, hoja ya majimbo yanayosita si ya kupuuzwa. Yanasema: serikali kuu inaahidi leo, kesho bunge jingine linapunguza fungu, na sisi tunabaki na mzigo pamoja na lawama za wananchi. Yana ushahidi. Mwaka 1996 serikali kuu ya Marekani iliondoa mpango wa zamani wa kusaidia familia zenye watoto, ikaweka ruzuku ya jumla kwa majimbo ya takriban dola bilioni 16.5 kwa mwaka. Kiasi hicho kimekaa karibu palepale tangu wakati huo, huku bei zikipanda.

Mdororo wa uchumi huzidisha tatizo hili. Wakati kazi zinapopotea, makusanyo ya kodi hushuka na waombaji wa msaada huongezeka. Serikali kuu inaweza kukopa ivuke kipindi hicho. Karibu majimbo yote ya Marekani yanabanwa na sharti la kusawazisha bajeti, kwa hiyo hulazimika kukata huduma mahitaji yanapopanda.

Katiba ya Kanada ya mwaka 1982 inaigusa tofauti ya utajiri kati ya majimbo kwa uwazi: serikali kuu inapaswa kutoa malipo ya usawazishaji ili majimbo yamudu huduma zinazolingana bila kutoza kodi zinazotofautiana mno. Ujerumani nayo huyasaidia majimbo yenye mapato madogo.

Kwangu, basi, jimbo libuni na kuendesha, maana liko karibu na watu wake. Kiwango cha chini cha haki ya mwananchi kiwekwe na taifa, na fedha zake zipande na kushuka kwa kufuata idadi ya wanaohitaji. Kanuni hiyo iandikwe kwenye sheria, ili jimbo linalopokea mzigo lijue fungu lake halitafutwa katika bajeti ya mwaka ujao.