Chikichi ni tunda au ni mafuta? Hoja ya kuanzia kwenye gemu la zamani

Anayefundisha vijana kompyuta Kigoma ana njia mbili, na wenye njia hizo hawaelewani. Wa kwanza wanasema mwanzishie kijana lugha ya programu ya Python, au Godot, chombo cha kuundia gemu, atunge gemu lake mwenyewe, hata liwe dogo kiasi gani. Wa pili wanasema mpe kwanza dunia iliyokwisha jengwa, umwambie aongeze humo kitu kimoja tu. Hawa wa pili ndio wanaochekwa, hasa wakilitaja gemu lenyewe: Docking Station, la kufuga viumbe ndani ya kompyuta, ambalo Creature Labs ya Uingereza ililitoa bure mwaka 2001. Wanaambiwa ni mchezo wa kulea vijinyama, umepitwa na wakati, na lugha yake haiandikwi kwingine kokote. Yote hayo ni kweli, lakini hoja ya watu hawa hukatizwa kabla haijafika inakokwenda, kwa hiyo tuifuate mpaka mwisho kwa kitu kimoja ambacho hakuna mtoto wa Ujiji asiyekijua: chikichi.

Kazi inaanza kwenye picha, na kosa la kwanza linamsubiri kijana hapo hapo. Gemu husoma picha za aina ya .c16, zenye biti 16 kwa kila pikseli, na pikseli nyeusi kabisa, yaani 0, 0, 0, huhesabiwa kuwa uwazi. Sasa chikichi lililoiva ni jekundu chini na jeusi kichwani. Kijana anapaka weusi wake, anaingiza picha, na tunda linatokea na tobo juu. Ukuta wa nyuma unaonekana kupitia humo. Anaongeza mwanga kidogo, 3, 3, 3, na tobo liko pale pale. Sababu ni kwamba nyekundu na bluu zina biti 5 kila moja, hivyo thamani yoyote chini ya 8 hukatwa ikawa sifuri. Kijani ina biti 6, nayo hukatwa chini ya 4. Weusi wa 8, 8, 8 ni salama, na jicho haliutofautishi na weusi wenyewe.

Kisha skripti, yaani maagizo yanayokiambia kitu cha kufanya. Lugha inaitwa CAOS, na amri zake nyingi ni za herufi nne:

new: simp 2 3 20110 "chikichi" 2 0 500
attr 195
bhvr 48
accg 4

Mstari wa kwanza unataja familia, jenasi na spishi ya kitu, jina la faili la picha, idadi ya picha (mbili: chikichi zima, na kokwa litakalobaki), picha ya kuanzia, na kina chake mbele au nyuma ya vitu vingine. Namba 195 haikuokotwa njiani. Ni 1 (kinabebeka na viumbe), 2 (kinashikika kwa mausi), 64 (kinagonga kuta na sakafu) na 128 (kinatii fizikia), vikajumlishwa. Ukisahau 64, chikichi linapita sakafuni kana kwamba sakafu haipo. Ukiongeza 16 kwa bahati mbaya, wewe unaliona vizuri lakini viumbe hawalioni, na unaweza kumaliza alasiri nzima ukidhani kosa liko kwenye skripti ya kula. Vivyo hivyo bhvr 48 ni 16 (linalika) na 32 (linaokotwa). Kijana aliyezijumlisha namba hizi kwa mkono amejifunza namna biti zinavyobeba majibu ya ndiyo na hapana, bila kuhubiriwa.

Kuna mitego mingine ya haraka. Ukiweka kitu kwa amri ya mvto mahali ambapo hakuna chumba cha gemu, fizikia inagoma na dirisha la kosa linafunguka. Tumia mvsf, ambayo hutafuta nafasi salama karibu na hapo. Ukihifadhi skripti kwenye folda ya Bootstrap, itasomwa tu dunia mpya inapoumbwa, hivyo anayebadilisha faili kisha akafungua dunia yake ya jana haoni badiliko lolote. Na kwenye Windows Vista na zilizofuata, usiliweke gemu ndani ya Program Files, maana faili unazoandika huko huenda zikapelekwa kwenye folda nyingine iliyojificha. Liweke C:\Docking, mambo yaishe.

Mpaka hapa mtu wa Godot anaweza kusema hata kwetu yapo makosa ya kutafutwa, na atakuwa sahihi. Tofauti yenyewe iko kwenye ile namba 3 ya mstari wa kwanza, na hapo ndipo naomba msomaji atulie nami.

Viumbe wa gemu hili, Norn, hawana njaa moja. Wana tatu: njaa ya protini, njaa ya wanga na njaa ya mafuta. Ubongo wao hauvitambui vitu kimoja kimoja kwa majina. Unavitambua kwa makundi, na kundi linatokana na jenasi. Jenasi ya 8 ni matunda, na matunda ya gemu hutoa wanga. Jenasi ya 11 ni chakula, hutoa protini. Jenasi ya 3 ni mbegu, hutoa mafuta. Norn huzaliwa na silika ndani ya jeni zake zinazomwelekeza kwenye kundi linalofaa kwa njaa aliyo nayo, kisha maisha yanamkazia au kumlegezea silika hizo kulingana na anachokipata akila.

Je, chikichi uliweke wapi? Mtoto wa Kigoma atajibu bila kufikiri: ni tunda, weka 8. Na ni tunda kweli. Lakini thamani yake yote ni mafuta: mawese kutoka kwenye nyama yake, na mafuta ya mise kutoka ndani ya kokwa. Ukiliweka jenasi ya 8 huku linatoa mafuta, Norn mwenye njaa ya wanga atalifuata, atalila, na njaa ya wanga itabaki kama ilivyokuwa. Hatajifunza kwamba chikichi ni danganyo, kwa sababu chikichi peke yake halijulikani kichwani mwake. Atajifunza kwamba matunda hayashibishi. Ataanza kuyapita hata matunda halali yaliyokuwamo kabla hujafika. Wakati huo huo Norn mwenye njaa ya mafuta atapita kando ya rundo la machikichi akitafuta mbegu. Pana zaidi ya hapo: kwa kila kundi Norn huelekezewa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukimwaga machikichi 40 ndani ya kundi la matunda, uwezekano wa kuliona tunda la kweli unafunikwa. Kitu kimoja, chenye picha nzuri na skripti isiyo na kosa hata la herufi, kimeharibu lishe ya dunia nzima, na hakuna dirisha lolote la kosa lililofunguka.

Dawa ni tarakimu moja: 3 badala ya 8. Lakini ili kuifikia, kijana lazima akubali kwamba ndani ya mfumo kitu huainishwa kwa kile kinachomfanyia anayekitumia, si kwa jina tunaloliita kwenye soko la Mwanga hapa Kigoma. Sijui somo la programu linalofika hapo kwa haraka namna hii. Kwenye gemu la Godot alilolitunga mwenyewe asingekutana na tatizo hili kamwe, kwa sababu huko chikichi hufanya lolote aliloamuru na hakuna wa kumkatalia. Docking Station ina mlaji ambaye yeye hakumwandika. Hiyo ndiyo hoja ya upande wa pili, na ndiyo isiyosikilizwa.

Mlaji huyo pia humfichua mdanganyifu. Kemikali za Norn zina namba na thamani kati ya 0 na 1: mafuta ni ya 10, hamu ya mafuta ni ya 151. Mvivu huandika skripti ya kula, namba 12, ikiwa na chem 151 -1, hamu ikafutika papo hapo. Kiumbe anatulia, mtengenezaji anafurahi, na hakuna hata tone la mafuta lililoingia mwilini. Njia sahihi ni kuita kichocheo cha kula kwa stim writ, ambacho matokeo yake yamo ndani ya jeni za kiumbe, au kuongeza kemikali ya 10 kwa kiasi kidogo kama 0.2, kisha kukimaliza kitu au kukibadilisha kuwa kokwa.

Sasa upande wa kwanza, ambao una hoja mbili nzito. Ya kwanza ni lugha. CAOS haina ajira, Kigoma wala Dar es Salaam, na ina tabia mbaya: vigezo huitwa va00 mpaka va99, bila majina ya maana. Kijana akikaa nayo mwaka mzima atazoea kuandika vitu ambavyo hata yeye hataweza kuvisoma mwezi ujao. Ya pili ni ushahidi wa kazi. Mwenye gemu dogo alilolitunga mwenyewe analipeleka popote kwenye flashi na kulionyesha. Mwenye chikichi ndani ya Docking Station lazima kwanza aeleze Docking Station ni nini, na kampuni iliyolitengeneza haipo tena. Hoja hizi sina namna ya kuzipangua. Ninachoweza ni kuziwekea kipimo: ni hoja dhidi ya kukaa humo, si dhidi ya kuanzia humo. Wiki nne au tano za Jumamosi zinatosha.

Hoja ya tatu, kwamba gemu ni la kigeni, ni nyepesi. Majina na maelezo ya vitu hukaa kwenye faili za maandishi za .catalogue, zinazofunguka hata kwa Notepad, na Kiswahili kinaingia humo bila kuomba ruhusa. Kuhusu haki, chora picha yako, andika skripti yako, usinakili picha za gemu ukazigawa kama zako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya kijana kama inavyoilinda ya kampuni.

Vifaa navyo vina sauti. Godot toleo la 4 linataka OpenGL 3.3, mfumo wa kuchora picha kupitia chipu ya kompyuta, na kompyuta za mtumba zenye chipu ya picha ya Intel ya mwaka 2007 hazina. Gemu la 2001 linakimbia humo bila shida, na likishanakiliwa kwa flashi halidai bando.

Anayetaka kujaribu na kundi la vijana kumi azingatie namba za spishi kuliko yote. Skripti hufungwa kwenye zile namba tatu za uainishaji, hivyo wawili wakichagua 20110 ndani ya jenasi moja, skripti iliyoingizwa mwisho inaifuta ya mwenzake, na muhogo wa mmoja unaanza kutenda kama chikichi la mwingine. Gawa mapema: wa kwanza 20100 hadi 20199, wa pili 20200 hadi 20299, na kuendelea. Kila skripti iwe na sehemu ya rscr ya kuondoa kitu: enum 2 3 20110, kill targ, next, kisha scrx, amri ya kufuta skripti, kwa kila skripti iliyoingizwa.

Zoezi la mwisho kabla ya kuhamia Python liwe kokwa. Gemu lina mapigo 20 kwa sekunde, hivyo tick 1200 huamsha skripti namba 9 kila dakika. Kokwa liote mchikichi, mchikichi uzae machikichi. Bila kizuizi, dunia inajaa na kompyuta inaanza kukwama. Kabla ya kuzaa skripti iulize kama totl 2 3 20110, yaani idadi ya machikichi yaliyopo, iko chini ya 12. Acha dunia iende usiku kucha, kama umeme upo, na asubuhi wahesabuni Norn walio hai.